Mita janja 120 kwenye gridi ndogo ya kisiwani: mawasiliano yapite wapi?

Dagaa Mchele

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba ushauri kabla hela haijatoka.

Ni gridi ndogo ya sola kwenye kisiwa kimoja, wilaya ya Ukerewe. Paneli za 60 kWp (kilowati 60 jua likiwa kali), betri za lithiamu, inveta za fezi tatu, fida (njia za kugawa umeme) mbili za kebo ya ABC (nyaya za angani zilizofunikwa na kusokotwa pamoja); iliyo ndefu ina kilomita 1.1. Wateja ni 120: nyumba, friji za samaki, mashine mbili za kusaga. Mnara wa simu uko ng'ambo ya maji, kama kilomita 9, na mtandao unaweza kupotea siku nzima. Muuzaji ameleta ofa tatu: mita zinazowasiliana kupitia waya wa umeme (PLC), mita za redio ya LoRa (inafika mbali kwa umeme kidogo), au kila mita na laini yake ya simu. Nichukue ipi? Na mtandao ukipotea, wateja watanunuaje umeme?

Waya Mbichi

Mkuu, anza na swali la pili, ndilo litakalokuuma. Muulize muuzaji salio la mteja linakaa wapi: ndani ya mita au kwenye seva? Likikaa kwenye seva, siku mtandao umelala una mawili tu, kukata watu waliolipa au kugawa umeme bure.

Dai mita yenye vitufe inayofuata STS (kanuni ya tokeni za umeme wa kulipia kabla), mfumo uleule wa Luku. Tokeni ya tarakimu 20 inafunguliwa na ufunguo (namba ya siri) ulio ndani ya mita yenyewe, kwa hiyo mita haihitaji mtandao hata kidogo. Duka la kijijini likiwa na kompyuta yenye moduli ya kutengenezea tokeni, mauzo yanaendelea. Ila angalia mita za stoo ya zamani. Tokeni za STS hubeba namba inayohesabu dakika tangu 1993, na hesabu hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haijabadilishiwa ufunguo inakataa tokeni mpya mpaka ubonyeze kwanza tokeni mbili za kubadilisha ufunguo. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa, uliza hilo kabla ya kufurahi.

Nguzo Tisa

Kwenye njia, mimi nasema PLC. Waya upo tayari, hakuna antena wala kibali cha masafa.

Bibi Mkondo

Nguzo Tisa, waya huo huo ndio wenye ugonjwa. PLC za aina ya G3 na PRIME zinapeleka ishara chini ya 500 kHz, na humo humo ndimo inveta, chaja za simu na taa za LED za bei rahisi zinamwaga kelele. Dalili yake: mita zinasomeka alfajiri, halafu saa moja jioni taa zikiwaka zinapotea moja baada ya nyingine. Tena kila mita hupokezana ishara na jirani yake. Pakiwa na waya wa urefu wa mita 300 bila mteja, mnyororo unakatika hapo.

Akitaka PLC, konsentreta (kifaa kinachokusanya taarifa za mita) iungwe fezi zote tatu na ikae katikati ya fida, isibanwe pembeni ya inveta. Ajaribu kwanza mita janja 10 mwisho wa fida ndefu, siku tatu usiku na mchana, mashine za kusaga zikizunguka.

Laini 120 sizipendi kabisa. Modemu ya 2G ikirusha hunyonya mpaka ampea 2 kwa mapigo mafupi. Chanzo cha umeme cha mita kikiwa dhaifu, modemu inajizima na kuwaka siku nzima. Na iko chini ya mabati, kilomita 9 kutoka mnarani! Antena moja ya mwelekeo kwenye mlingoti wa mita 12 pale kituoni, yenye laini mbili za kampuni tofauti, itazishinda zote.

Mimi ningeenda na LoRa, lakini kwa hesabu. Ujumbe wa baiti 50 kwa SF7 (SF ni kiwango cha kurefusha ishara: kikubwa hufika mbali lakini polepole) unachukua hewa kama sekunde 0.12, kwa SF12 unafika sekunde 2.8. Mita 120 kila dakika 15 kwa SF12 ni sekunde 336 kati ya 900. Kwenye chaneli moja, karibu nusu ya ujumbe zitagongana. Kwa SF7 ni sekunde 14 tu. Kwa hiyo inua antena ya geitwei (kifaa cha kituoni kinachopokea redio za mita) juu ya mabati ili mita zitumie SF ndogo, na chukua geitwei ya chaneli nane. Masafa waulize TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kabla ya kuagiza, usimwamini katalogi.

Dagaa Mchele

Nashukuru sana dada. Bando litakula kiasi gani? Na je, seva inaweza kuzima mashine za kusaga betri ikishuka?

Hezi Hamsini

Bando si tatizo. Mita 120 × masomo 96 ya siku (moja kila dakika 15) × baiti 50 ni kama MB 0.6 kwa siku, MB 17 kwa mwezi. Zidisha mara nne kwa ajili ya usimbaji, bado hufiki MB 70. Cha maana ni mita kutunza masomo ya siku 40 na kuyatuma tena mtandao ukirudi.

Mashine za kusaga usizikabidhi kwa seva. Amri ikienda mpaka seva na kurudi ni sekunde kadhaa, na siku nyingine haifiki. Tumia frikwensi (mizunguko ya umeme kwa sekunde), kwa sababu kila kifaa kwenye waya kinaiona bila kuambiwa. Betri ikijaa, inveta ya betri, ile inayounda gridi, inaipandisha juu ya 50 Hz na inveta za paneli zinajipunguza. Betri ikishuka, iteremshe mpaka 49 Hz, na rilei (swichi inayojiendesha) ya frikwensi kwenye bodi ya mashine ikate yenyewe. Mtandao ubaki na ripoti, mauzo na mipangilio.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, rilei za mita zifunge kwa kupishana, kila moja ichague muda wake kati ya sekunde 0 na 300. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida. Friji na mashine zikiamka pamoja, inveta inaanguka tena.

Waya Mbichi

Naongezea. Geitwei na modemu, tuseme wati 5, ziwe na betri yake nje ya gridi. Siku mbili ni Wh 240. Kwa lithiamu ya 12 V chukua Ah 25, kwa ya maji Ah 40. Weka na kipokezi cha GPS cha kutoa saa. Saa za mita zikipishana robo saa, ukilinganisha mita ya fida na jumla ya wateja utaona "wizi" kila mashine inapowashwa, utagombana na watu bure.

Kwenye skrini kila somo lionyeshe umri wake. Tarehe 14 Agosti 2003, kampuni ya umeme ya FirstEnergy kule Ohio, programu ya kengele iliganda zaidi ya saa nzima na waendeshaji hawakujua. Giza likafika watu takribani milioni 50, Marekani na Kanada.

Bibi Mkondo

Na ulinzi. Ukraine, tarehe 23 Desemba 2015, wavamizi wa kompyuta waliingia kwenye kampuni za umeme kwa nywila za kuiba, wakakata wateja kama 225,000, kisha wakaharibu programu za vifaa vya mawasiliano vituoni ili amri ya mbali isifanye kazi. Umeme ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi waliweza kwenda kufunga breka kwa mkono. Weka swichi ya mkono kwa kila fida. Geitwei isiwe na anwani ya wazi ya intaneti, yenyewe ndiyo ipige kwenda seva. Nywila za kiwandani zibadilishwe, na kila mita iwe na ufunguo wake.

Nguzo Tisa

Sawa, kwenye PLC nimekubali yaishe. Ila mkuu, awamu ya mwisho ya malipo usiitoe kabla ya jaribio hili: chomoa geitwei saa 48, uza tokeni, wateja watumie, irudishe, uhesabu. Kila mita ilete masomo 192 ya siku hizo mbili, bila pengo na bila kurudia.

Dagaa Mchele

Hilo la 192 naliweka kwenye mkataba leo.