Majirani wa Ilazo: mchicha ndani ya smuthi ya embe

Mama Neema: Mbukwenyi majirani. Mchicha unaingiaje kwenye smuthi ya mtoto wa miaka 4 bila yeye kushtuka? Nina embe, ndizi na ubuyu. Ikitoka kwenye blenda inanuka majani, juu povu, chini nyuzi.

Dada Rehema (lishe): Mbukwa mama Neema. Harufu ya majani ni ya mchicha mbichi. Chemsha maji yatokote, tumbukiza majani bila vijiti vyake, hesabu dakika 1, yatoe uyaweke kwenye maji ya baridi, kisha yakamue kwa mkono. Harufu inapungua sana. Maji uliyochemshia yamwage: mchicha una okzaleti nyingi (kemikali ya asili inayoweza kuchangia mawe ya figo), na sehemu yake hutoka na hayo maji.

Dada Rehema (lishe): Vipimo vya glasi 2:
mchicha uliokamuliwa, vijiko 2 vya chakula
embe iliyokatwa, kikombe 1 na nusu
ndizi mbivu 1, ile yenye madoa meusi kwenye ganda
maji ya ubuyu, kikombe 1
Hakuna sukari. Ndizi ikishaiva hivyo inatosha.

Mama Neema: Vijiko 2 tu? Nilitaka fungu zima liishe.

Dada Rehema (lishe): Anza na kijiko 1 wiki ya kwanza, mama. Mtoto akishaikataa glasi mara moja, ukimpa nyingine ya rangi ileile ataikataa kabla ya kuonja. Ongeza taratibu, ila usizidishe sehemu 1 ya mboga kwa sehemu 3 za matunda.

Kaka Elia (juisi, Majengo): Nyuzi na povu ni mpangilio wa blenda. Watu wanajaza kila kitu kwa pamoja, majani yanaelea juu, visu vinazunguka kwenye embe peke yake. Kwanza kimiminika na majani TU, saga dakika 1 nzima mpaka maji yawe kijani kitupu na ukichota kwa kijiko usione kipande. Ndipo matunda, sekunde 30 hadi 40, uzime. Ukiendelea kusaga unaingiza hewa, na hiyo ndiyo povu. Kwa blenda ndogo katakata majani kwanza, na usilijaze jagi kupita nusu.

Kaka Elia (juisi, Majengo): Na majani yapoe kabla ya kusagwa. Mvuke unasukuma kifuniko, unaungua mkono.

Baba Doreen: Kwa nini maji ya ubuyu na siyo maziwa? Kwetu smuthi bila maziwa hainyweki.

Dada Rehema (lishe): Sababu mbili, baba Doreen. Madini ya chuma yaliyo kwenye mboga za majani mwili huyapokea kwa shida. Vitamini C inayasaidia yapite, na ubuyu unayo. Kalsiamu ya maziwa inayazuia. Pili, uchachu wa ubuyu unafunika ladha ya majani kuliko utamu unavyoweza. Ukitaka maziwa, mpe saa nyingine.

Bibi Mwaja: Ubuyu uwe mweupe wa kawaida wa mibuyu yetu hapa, msimnunulie mtoto ule wa rangi uliotiwa sukari. Loweka konzi moja kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, acha robo saa, fikicha mpaka kokwa zibaki tupu, chuja. Maji yawe yamechemshwa.

Mama Neema: Shikamoo bibi. Na rangi je? Ya kijani anaijua hata akiwa mlangoni.

Bibi Mwaja: Marahaba mwanangu. Zabibu nyeusi.

Kaka Elia (juisi, Majengo): Bibi kamaliza. Kijani ndani ya embe unabaki kijani, ndani ya papai unakuwa kahawia ya matope. Zabibu nyeusi zinaumeza wote. Ila zabibu zetu za Dodoma zina mbegu, na mbegu ikisagwa inatoa uchungu mkavu unaokaza ulimi. Zivuruge kwa mkono juu ya chujio, pata maji na nyama yake, mbegu zibaki juu. Vikombe 2 vya zabibu, ndizi 1, mchicha vijiko 2. Inatoka zambarau iliyokolea.

Kaka Elia (juisi, Majengo): Hata ukibaki na embe, mpe hapohapo. Uchachu wa ubuyu au limau unaibadilisha kijani mbichi kuwa kijani iliyofifia kadiri inavyokaa. Haijaharibika, lakini mtoto hatakusikiliza.

Mama Doreen: Sisi tuliweka papai na maziwa, baada ya muda ikawa chungu. Tukadhani ni mlonge tuliotia.

Dada Rehema (lishe): Hapana wifi, ni papai lenyewe. Lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa na kuacha uchungu. Nanasi bichi hivyohivyo, na mtindi hauponi. Ukitaka nanasi na mtindi, lichemshe dakika chache kwanza lipoe.

Mama Doreen: Ahsante. Na mlonge, kiasi gani?

Bibi Mwaja: Unga wa majani, nusu kijiko cha chai kwa glasi ya mtoto, uanze hata na robo. Majani mabichi yanawasha kama figili. Yakaushe kivulini siyo juani, yasage, chekecha, weka kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Ukizidisha tumbo linafunguka. Mizizi na magome msiguse, hasa mwenye mimba.

Mama Doreen: Parachichi robo inaficha uchungu wa mlonge vizuri sana, mafuta yake yanafunika ulimi. Mnanaa majani 4 au 5, yakizidi inanukia kama dawa ya meno.

Baba Doreen: Na kisamvu? Kinapatikana bure uani.

Dada Rehema (lishe): BABA DOREEN HAPANA. Kisamvu kibichi kina sumu ya sayanidi. Kinatwangwa na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa, na ni mboga ya sufuria, siyo ya blenda. Naomba wote mlisome hili.

Bibi Mwaja: Mgagani na mnafu pia waacheni kwenye sufuria, uchungu wake hauna tunda la kuushinda. Mlenda unavuta.

Baba Doreen: Nimeelewa dada, kisamvu nimekiacha.

Mama Neema: Karoti na bitiruti?

Kaka Elia (juisi, Majengo): Karoti ndani ya embe haionekani kabisa, ichemshe iive ndipo isage, mbichi inaacha chengachenga. Bitiruti kipande cha ukubwa wa kiberiti, ikizidi inanuka udongo.

Dada Rehema (lishe): Bitiruti inaweza kumtoa mkojo au choo chekundu, msikimbie hospitali. Asali hapana kwa aliye chini ya mwaka 1. Na kama babu ana kisukari, au mtu anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ana mawe ya figo, aongee na daktari wake kabla ya kuzifanya za kila siku.

Mama Neema: Fungu lililobaki nilifanyeje?

Kaka Elia (juisi, Majengo): Lichemshe lote dakika 1, saga na maji kidogo, mimina kwenye trei ya barafu, gandisha. Asubuhi unatoa vidonge 2 unatupia kwenye blenda. Umeme ukikatika mpaka vikayeyuka, usivigandishe tena, pika mboga ya mchana.

Bibi Mwaja: Na hiyo mboga ya mchana iwekwe mezani mbele yake, mama Neema, hata asipoila.

Mama Neema: Sawa bibi. Elia, zabibu kilo moja nibakizie, napita saa kumi.