Mjadala: Fundi azime masasisho kabla ya kuuza simu?

Hoja iliyo mezani: Simu ya mtumba isitoke dukani kabla fundi hajazima masasisho yote na kuzuia matangazo, ili mteja asimalizwe bando. Mwaonaje?

Fundi wa simu, Mwembe Tayari
Naunga mkono. Kiraka cha usalama, yaani sasisho la kuziba matundu ambayo wezi huweza kuingilia, chaweza kufika mamia ya MB, na toleo jipya la Android mara nyingi hupita GB 1. Anayenunua bando la siku, sasisho moja lammaliza. Tena simu ya GB 32 iliyojaa video za WhatsApp hukosa nafasi, sasisho lafeli katikati, mteja arudi dukani kulalamika. Na toleo zito juu ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 huifanya simu ijikokote. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa Mombasa tangu 2009, na bado mtu wa Likoni ahesabu MB moja moja.

Msimamizi wa mitandao, Kibokoni
Bwana fundi, hesabu yako ya bando ni sawa, dawa ndiyo mbaya. Umefunga vitu vitatu kamba moja: toleo jipya la Android, kiraka cha usalama, na masasisho ya programu za Play Store. Toleo jipya laweza kungoja. Kiraka hakingoji. Google hutangaza kila mwezi, tangu 2015, orodha ya matundu yaliyozibwa. Mwizi naye aisoma orodha hiyo, na simu uliyoizimia kiraka yabaki na tundu ambalo sasa lajulikana na kila mtu. Ndani ya simu hiyo mna M-Pesa ya mtu.

Bando liokoeni hivi. Play Store, gusa picha ya wasifu, Mipangilio, Mapendeleo ya mtandao, Sasisha programu kiotomatiki, chagua Wi-Fi pekee. Kisha kwenye ukurasa wa masasisho ya mfumo zima upakuaji kwa data ya simu. Mteja aje dukani mara moja kwa mwezi, simu ichajiwe ipite nusu, video zihamishwe kwenye kadi ya kumbukumbu, kiraka kishuke kwa Wi-Fi yako. Dakika 20 au 30.

Linaloniudhi hasa ni kuzima kwa kompyuta. Fundi achomeka waya, aandika amri `pm disable-user` na jina la programu inayoleta masasisho, basi. Mteja akifungua Mipangilio, kitufe hakipo au hakifanyi kazi, na hajui kwa nini. Hurudishwa kwa `pm enable` na jina lile lile, lakini nani atalikumbuka baada ya mwaka? Kumficha mteja ugonjwa wa simu yake si huduma.

Muuza simu, Kongowea
Hapo kwa viraka nakubali. Matangazo ndiyo yazimwe, nayo hayahitaji programu yoyote, ila kubadili DNS, yaani huduma inayoitafutia simu anwani za tovuti; hii ya AdGuard hukataa anwani za matangazo. Android 9 kwenda juu: Mipangilio, Mtandao na intaneti, DNS ya faragha, kisha andika `dns.adguard-dns.com`. Usiweke https mbele wala mkwaju (/) mwishoni, itakataa. Kwa Samsung imo ndani ya Miunganisho, Mipangilio zaidi.

Ya YouTube hayatazimika, kwa sababu hutoka kwenye seva zile zile za video. Na Wi-Fi ya mkahawa yenye ukurasa wa kuingia yaweza kugoma: alama yaonyesha umeunganishwa, intaneti hakuna. Irudishe DNS kuwa Kiotomatiki, ingia, kisha uiweke tena. Mteja asipoambiwa hili atadhani umemuuzia simu mbovu.

Tangazo likiruka juu ya skrini yote, hata simu ikiwa haitumiki, hiyo ni programu iliyomo ndani. Tangazo likiwa bado wazi, bonyeza kitufe cha programu za karibuni, utaona jina na alama ya mwenye tangazo. Ifute. Ikikataa, inyang'anye kwanza ruhusa ya msimamizi wa kifaa.

Mhariri wa tovuti ya habari, Nyali
DNS haichagui, kaka. Yafyeka tangazo la ulaghai pamoja na lile linalomlipa mwandishi wa habari za kaunti. Wekeeni wateja kivinjari cha Firefox na kiongezo chake cha kuzuia matangazo, uBlock Origin, maana Chrome ya simu haikubali viongezo. Humo msomaji akiiamini tovuti, afungua uBlock, agusa kitufe kikubwa cha kuwasha na kuzima, matangazo yarudi kwa tovuti hiyo peke yake. Uamuzi uwe wa msomaji, si wa aliyemuuzia simu.

Fundi wa simu, Mwembe Tayari
Dada msimamizi, nimekuelewa, na kwa `pm disable-user` nakubali lawama. Lakini simu ambayo kampuni imeacha kuitolea viraka je? Niweke LineageOS, ile Android isiyo ya kampuni ya simu?

Msimamizi wa mitandao, Kibokoni
Kwa anayejua anachokifanya, sawa. Kufungua bootloader, ile kufuli ya kuzuia mfumo mwingine usiwekwe, hufuta kila kitu, programu za benki zaweza kukataa kufunguka, na kwa Samsung alama ya Knox, inayoonyesha kama mfumo umechezewa, huwa 0x1 milele, hata ukirudisha mfumo wa kiwandani. Simu ya mkopo usiiguse kabisa. Ulaya, tangu 20 Juni 2025, sheria yadai masasisho ya miaka 5 baada ya aina ya simu kuacha kuingizwa sokoni. Hapa tuanze na tarehe ya kiraka: imo kwenye Kuhusu simu, Toleo la Android. Muuzaji aiandike kando ya bei.

Muuza simu, Kongowea
Nikiandika kiraka cha 2021 na jirani yangu asiandike, mteja atakwenda kwa jirani. Tukubaliane kwanza mtaa mzima.