Uvimbe wa seli kubwa za mfupa: G34W imetoka hasi, tatizo liko wapi?

Bloku_Slaidi: Habari wakuu, naomba ushauri. Biopsi ya mwisho wa chini wa mfupa wa paja, mgonjwa ana miaka 28. Slaidi imejaa seli kubwa zenye viini 30 na zaidi, zimetawanyika sawasawa kati ya seli ndogo za kiini kimoja. Lakini kingamwili ya H3.3 G34W (rangi inayoonyesha protini ya histoni H3.3 yenye hitilafu iitwayo G34W, alama ya uvimbe huu) imetoka hasi kabisa. Kipande kililainishwa (kuondolewa kalsiamu ili kikatike) kwa asidi ya nitriki siku mbili. Halafu, seli kubwa ndizo uvimbe wenyewe?

Osteo_K: Naanza na la mwisho, maana ndilo linalopoteza wengi. Uvimbe ni zile seli ndogo za kiini kimoja, yaani za stroma, za ukoo wa osteoblasti (seli zinazojenga mfupa). Ndizo zenye hitilafu kwenye jeni ya H3F3A, inayotengeneza H3.3. Zinatengeneza RANKL, protini ya kupeleka ishara, kwa wingi, nayo inazifanya seli za ukoo wa monositi (aina ya seli nyeupe za damu) ziungane kuwa seli kubwa mithili ya osteoklasti, seli zinazokula mfupa. Seli kubwa hizo nazo zinakula mfupa, ila hazina hitilafu hiyo. Ndiyo maana denosumabu, dawa inayoizuia RANKL, huzifuta seli kubwa kwenye slaidi huku stroma ikibaki, na dawa ikisimamishwa uvimbe unaweza kurudi. Kwa hiyo soma rangi kwenye viini vya seli ndogo. Viini vya seli kubwa kutoshika rangi ni sawa.

Fundi wa Histolojia: Mkuu, mimi naishuku hiyo asidi. Asidi kali inakatakata DNA na kuharibu protini ambazo kingamwili inazitafuta. Jaribu Ki-67 (kingamwili ya seli zinazogawanyika) kwenye bloku hiyohiyo: ikitoka tupu wakati mitosi, yaani seli zikigawanyika, unaziona, jibu lako hasi halina thamani.

Uvimbe huu mara nyingi una sehemu laini. Rudi kwenye chupa ya formalini, chagua vipande vinavyokatika kwa wembe bila kukwaruza, vipitishe bila kuvilainisha kabisa. Vile vigumu vikate milimita 3 hadi 4, vikae kwenye formalini ya 10% yenye bafa saa 24, ndipo viingie EDTA (kilainishi cha polepole kisicho asidi kali) ya 14%, pH 7.2 hadi 7.4, ujazo mara 20 ya kipande, ukiibadilisha kila siku. Itachukua siku kadhaa, pengine wiki. Usiharakishe kwa joto.

Bloku_Slaidi: Vipande laini vipo, asante sana. Vikitoka hasi tena je?

Osteo_K: Usiandike jibu bado. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa uvimbe huu wana hitilafu ya H3F3A, karibu zote G34W. Wachache wana G34L au G34V, ambazo kingamwili hii haizioni, hivyo jeni isomwe moja kwa moja. Omba kalsiamu na homoni ya parathiroidi, kwa sababu uvimbe wa kahawia, unaoletwa na homoni hiyo ikizidi, unafanana na huu mno kwenye hadubini. K36M (hitilafu nyingine ya histoni H3.3) ikiwa chanya, fikiria kondroblastoma, uvimbe wa seli za gegedu. Ukiona osteoidi (mfupa mchanga usio na kalsiamu) pamoja na viini vya ovyo na mitosi za ajabu, hapo ni osteosakoma (saratani ya mfupa) yenye seli kubwa hadi ithibitike vinginevyo. Na eksirei iwe mezani kabla hujasaini.