Kijana kasema "huyu ni mimi": mwalimu amwache au amzuie?

Mwalimu wa Katuba
Nafundisha Kifaransa mwaka wa tano wa sekondari hapa Lubumbashi. Mwezi uliopita tulisoma kurasa chache za Tram 83, riwaya ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa mji huu, aliyezaliwa 1981 na sasa anaishi Graz, Austria. Ilitoka kwa Kifaransa mwaka 2014. Kwa asiyeisoma: Lucien, mwandishi, anafika katika mji wa migodi usiotajwa jina halisi, anafikia kwa rafiki yake wa zamani, Requiem, mtu wa magendo na vitisho. Usiku wanaishia kwenye nganda moja, yaani baa, pamoja na wachimbaji, wanafunzi waliogoma na wageni wanaotafuta faida. Lucien anaandika kwenye daftari lake, Requiem anamcheka.

Kijana mmoja akasimama: "Mwalimu, huyu Requiem ni mimi." Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Wiki ile ile mzazi wake akanijia. Nilidhani atalalamikia pombe na matusi. La, alisema namfundisha mwanawe kujiona mwizi. Walimu wenzangu wamegawanyika. Nyinyi mnasemaje?

Mzee wa Mgodi
Mzazi ana haki. Sisi tulisoma Corneille na Molière, watunzi wa tamthilia wa Ufaransa ya zamani, kwa mapadri, na hakuna aliyejitafuta mle. Ungejitafutaje kwa mtu aliyevaa nywele za bandia? Tulisoma tuwajue watu wengine. Kijana akishasema "huyu ni mimi", ameacha kusoma. Kilichobaki anajisikiliza mwenyewe. Na kwa nini amchague Requiem? Lucien yupo pale pale, na kalamu mkononi.

Binti Kamalondo
Papa, jambo. Kwa heshima yako, nyinyi wanaume mna bahati ya kuchagua: huyu mwandishi, huyu mjanja. Mimi nimekisoma mara mbili, na niliyemkuta ni msichana anayekatiza mazungumzo ya wanaume kuwauliza saa ngapi, ndivyo anavyotafuta wateja. Ukurasa huu yupo, ukurasa ule yupo, na swali ni lile lile. Sisemi mwandishi kadanganya. Wasichana hao nimewaona, na wengine nimesoma nao. Lakini mimi nimemaliza chuo kikuu, asubuhi nauza mikate mbele ya nyumba, jioni nawafundisha wadogo zangu hesabu. Nikae wapi katika hadithi hiyo?

Halafu, mwalimu, umetusimulia ya kijana tu. Wasichana wa darasa lako walisema nini?

Mwana Kenya (ya hapa Lubumbashi, msije mkaniuliza Nairobi)
Nilichimba huko Kolwezi miaka miwili. Wachimbaji wa kitabu hiki nawajua kwa kelele zao tu. Usiku mimi nilikuwa nalala, mgongo umekufa, nawaza mizani ya depo, pale wanaponunua madini yetu: gunia ulilobeba mwenyewe unajua uzito wake, kisha mizani inakuambia vingine, na kile kifaa cha kupima kiwango cha madini nacho kinakuambia vyake. Hayo sikuyaona mle.

Nilichokiona ni stesheni. Vyuma vyake havijamaliziwa, na mwandishi anavirudia kila mara, kama kiitikio cha wimbo. Juu ya nyumba ya mzee wangu kuna nondo zinazongoja ghorofa tangu sijazaliwa. Mama anaanikia nguo hapo. Niliposoma zile habari za stesheni nilikiweka kitabu chini kidogo. Basi mnaposema mtu ajione au asijione ndani ya mhusika, wengine tunajiona kwenye vyuma.

Mzee wa Mgodi
Hiyo ya nondo nimeielewa. Yangu pia zipo. Lakini chuma hakimfundishi mtoto wizi.

Mwalimu wa Katuba
Papa, nilimpa kijana kazi: aniletee ukurasa ambapo Requiem si yeye tena. Nilitegemea asilete. Alirudi na ile habari ya picha za utupu ambazo Requiem huwatishia watu nazo, kando ameandika: "Hapa tunaachana." Sijui kama mzazi ataridhika, mimi nimeridhika. Asingejiona kwanza, asingekuwa na wa kuachana naye.

Dada, umenishika. Sikuwauliza. Leo asubuhi nimewauliza, wakanyamaza, na nilistahili. Kengele ilipolia mmoja akabaki mlangoni: "Mwalimu, katika wote wanaoulizwa saa, yupo aliyejibu?"

Nimeketi na kitabu tangu saa nane, naanza tena ukurasa wa kwanza. Kijana naye anakitaka, na nakala ni hii moja.

Binti Kamalondo
Mpe yule msichana kwanza.