Kaponea chupuchupu, wiki chache baadaye shukrani imefifia. Inashikiliwaje?

Mlezi wa Zamu

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa undani. Mtu akitoka hospitali baada ya mshtuko wa moyo, kiharusi au upasuaji mkubwa, siku za mwanzo kila kitu kinamnogea: maji ya kunywa, jua la asubuhi, kulalia mto wake mwenyewe. Halafu taratibu utamu ule unapungua. Anaanza tena kukasirikia kelele na mlango uliofungwa vibaya, na juu ya hapo anajilaumu kwamba kaonjeshwa kifo na bado ananuna. Watu wake wanamwambia ashukuru, naye anazidi kunyamaza.

Nauliza: hali ile ya mwanzo inaweza kutunzwa kwa mazoezi, au ikienda imeenda? Kama ni daftari, aandike nini hasa na mara ngapi? Raha za kawaida kama kutembea, kahawa na faragha na mwenza zirudishwe kwa kipimo gani? Na utajuaje kwamba suala si shukrani tena bali ni ugonjwa?

Naomba majibu ya vitendo. "Shukuru kwa kila jambo" tumeshaisikia.

Kalamu Butu

Mkuu, tuanze na huko kufifia, maana ndiko watu wanakojihukumu bure. Wiki za mwanzo mtu hupima kila kitu kwa kukilinganisha na kitanda cha wodini, kwa hiyo hata kwenda chooni bila kushikwa mkono ni sherehe. Mwezi ukipita, kipimo kinahama: sasa anajilinganisha na alivyokuwa kabla ya kuugua, na kwa kipimo hicho kila kitu kimepungua. Mtu ni yuleyule, moyo wake haujawa mgumu. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake walichapisha utafiti mdogo uliowahusu washindi wa bahati nasibu, na wakakuta washindi hao walifurahia mambo madogo ya kila siku kuliko watu wa kawaida? Hapana, walifurahia kidogo zaidi. Tukio kubwa lilikuwa limepandisha kipimo chao.

Kazi ya daftari basi ni kukirudisha kipimo chini kwa makusudi, kidogokidogo. Namna iliyopimwa vizuri ni hii: jioni, dakika kama kumi, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo, na kwa kila moja andika *kwa nini* lilitokea. Martin Seligman na wenzake waliijaribu mwaka 2005 kwa wiki moja tu, na nafuu ilionekana hata miezi sita baadaye, hasa kwa walioendelea wenyewe bila kuambiwa. Hiyo "kwa nini" ndiyo watu huiruka, na wakiiruka wanabaki na orodha ya sokoni.

Mfano wa maandishi yasiyosaidia: "Afya, familia, uhai." Kesho atayaandika tena hayohayo, na siku ya nne atachoka. Mfano unaofanya kazi: "Leo nimefunga vifungo vyote vya shati peke yangu. Sababu: mazoezi ya vidole ya wiki hii, na nyumbani wamekubali kuningoja bila kunisaidia." Hapo kuna siku, kuna kitu cha kushika, kuna mtu aliyehusika. Jambo likiwa dogo kiasi cha kuona aibu kuliandika, mara nyingi ndilo lenyewe.

Zoezi la pili ni la kuondoa. Minkyung Koo na wenzake (2008) walikuta kwamba kuandika jinsi jambo jema lingeweza *kutotokea kabisa* huwainua watu kuliko kuandika tu kwamba lilitokea. Lakini kwa aliyetoka kwenye hatari ya kifo nashauri tahadhari: asijiondoe yeye mwenyewe duniani kwenye karatasi, ataamsha hofu na usiku hatalala. Aondoe kitu kidogo. Rafiki anayempigia simu kila wiki: walikutanaje, na ni ajali zipi ndogo zingewafanya wasikutane?

Yanayoharibu: kuandika huku maumivu yamekaza (dawa kwanza, daftari baadaye), kuandika kama anayelipa deni, na kujipima kwa waliofariki. "Wa kitanda cha pili kaondoka, mimi nimebaki" si shukrani, ni hatia iliyovaa nguo ya shukrani. Likijitokeza, lizungumzwe na mtu. Lisilazimishwe kwenye orodha ya mema.

Mizani

Nakubaliana na mengi, ila kila siku kwa miezi ni nyingi mno. Kwenye majaribio ya Sonja Lyubomirsky ya wiki sita, walioandika mara moja kwa wiki ndio walionufaika, walioandika mara tatu kwa wiki hawakupata kitu. Robert Emmons na Michael McCullough nao, katika utafiti wao maarufu wa 2003, waliwaandikisha kundi la kwanza mambo ya kushukuru yasiyozidi matano mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi. Wapo pia walioandika kila siku, wakiwemo wenye maradhi ya neva na misuli, lakini kwa wiki mbili tatu tu.

Kwa hiyo: wiki ya kwanza kila jioni ili ajifunze namna, halafu siku moja ya wiki iliyochaguliwa, basi. Akikosa, asifidie. Daftari lililogeuka kazi ya shule lifungwe mwezi mzima, hakuna kitakachoharibika.

Hatua kwa Hatua

Naongezea upande wa mwili, maana kichwa hakishukuru mwili ukiwa hoi. Haya ni ya jumla. Karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa ndiyo yenye neno la mwisho, na aliyepasuliwa kifua ana masharti yake ya kubeba vitu na kunyanyua mikono.

Kutembea: mwanzo dakika 5 hadi 10 mahali tambarare, mara mbili kwa siku. Akiona kesho yake hajachoka kupita kawaida, aongeze dakika moja au mbili. Lengo la baadaye ni dakika 150 kwa wiki, lisikimbiliwe. Kasi ipimwe kwa mdomo: aweze kusema sentensi nzima bila kukatika, lakini asiweze kuimba. Kwenye mizani ya Gunnar Borg ya mtu kujikadiria anavyojikaza, ya 6 hadi 20, hapo ni kama 11 hadi 13. Kifua kikibana, jasho baridi likimtoka, kizunguzungu au pumzi kukatika, asimame na akae. Maumivu ya kifua yasipoisha ndani ya dakika chache, ni kuita huduma ya dharura, siyo kusubiri asubuhi.

Kosa linaloua raha kuliko yote ni la siku nzuri. Mtu kaamka na nguvu, anafua, anapanga kabati, anatembelea ndugu, halafu analala siku mbili. Akifanya hivyo mara kadhaa, anaanza kuogopa siku nzuri zenyewe. Dawa yake ni kuacha kazi angali na hamu ya kuendelea. Inachukiza, najua, lakini inafanya kazi.

Kuhusu kuonja: Fred Bryant na Joseph Veroff wameandika kwa kina juu ya namna watu wanavyorefusha raha, na mambo mawili yanatosha kwa anayepona. La kwanza, achague kitu kimoja tu cha kuzingatia. Katika matembezi ya leo ni sauti, kesho ni mwanga. Akijilazimisha kuona, kusikia na kunusa vyote kwa pamoja atarudi amechoka. La pili, amsimulie mtu palepale au jioni.

Kahawa au chai: ulimi huzoea haraka, kwa hiyo utamu mwingi uko kwenye mafunda ya mwanzo. Akae, simu iwe mbali, anuse kwanza, funda tatu za kwanza anywe kimya. Baada ya hapo apige soga. Mwenye mapigo ya moyo yanayorukaruka amuulize daktari kuhusu kahawa kabla. Kitu kingine: Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn (2013) waliwanyima watu chokoleti kwa wiki moja, na waliporudi kuila waliifurahia kuliko waliokula kila walipotaka. Kikombe kimoja kinachosubiriwa kinashinda vinne vya kupitisha muda.

Chakula kikiwa hakina ladha, asidhani hana shukrani. Baadhi ya dawa hubadili ladha, kaptopril ya presha ni mojawapo, na dawa za saratani huleta ladha ya chuma mdomoni. Asukutue maji kabla ya kula, atumie kijiko cha mbao au plastiki, chakula kipoe kidogo. Na amtajie daktari, mara nyingine dawa hubadilishwa.

Faragha na mwenza: kipimo kinachotumiwa sana ni kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa haraka bila kifua kuuma wala pumzi kukatika. Akiweza, na daktari hana pingamizi, kwa kawaida yuko tayari. Sildenafil na tadalafil, dawa za nguvu za kiume, hazichanganywi kamwe na dawa za nitrati za maumivu ya kifua (za kuweka chini ya ulimi au za kumeza), presha inaweza kuporomoka vibaya. Kama kazimeza na kifua kikaanza kuuma, awaambie wahudumu wa dharura bila kuona haya.

Pumzi Sita

Swali la mwisho la mwulizaji ndilo zito. Ipo njia rahisi ya kutenganisha. Shukrani iliyofifia: mtu hasisimki akiwaza, lakini ukimweka mbele ya kitu anachokipenda, mjukuu, mpira, muziki, uso unafunguka. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito: kitu kile kipo mbele yake na bado hakuna kinachofunguka.

Kliniki nyingi huanza na maswali mawili. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na (1) kukosa hamu au raha ya kufanya mambo, (2) kujisikia mnyonge, mwenye huzuni au kukata tamaa? Kila moja: 0 hakuna kabisa, 1 siku kadhaa, 2 zaidi ya nusu ya siku, 3 karibu kila siku. Jumla ikifika 3, aende akapimwe kikamilifu. Baada ya mshtuko wa moyo, takriban mmoja kati ya watano hupata sonona kamili, kwa hiyo si jambo la ajabu wala la aibu, na lina tiba. Akitaja kutaka kufa au kujidhuru, msaada unatafutwa siku hiyohiyo na haachwi peke yake.

Daktari aangalie pia upungufu wa damu, tezi ya shingo na dawa. Dawa za kupunguza mapigo ya moyo zinaweza kuleta uchovu unaofanana na huzuni. Lakini asiziache ghafla mwenyewe, moyo unaweza kwenda mbio kuliko mwanzo.

Kuna na hofu. Anayejipima presha kila baada ya saa moja hana nafasi ya kufurahia chochote. Wapatane na daktari saa za kupima: akae dakika tano kimya, apime mara mbili kwa kupishana dakika moja, aandike, mashine irudi kabatini. Wasiwasi upewe muda wake, dakika 15 saa ileile kila siku, mbali na muda wa kulala. Ukimjia nje ya saa yake, auandike neno moja na kuuahirisha. Pumzi pia: kuvuta kwa sekunde nne, kutoa kwa sekunde sita, dakika tano. Akisikia kizunguzungu anavuta kwa nguvu mno, apunguze.

Mlezi wa Zamu

Shukrani kwenu. Na kwa aliyepata kiharusi, hawezi kuandika na maneno yanamkwama? Pia, sisi tunaomzunguka tuseme nini badala ya "shukuru"?

Kalamu Butu

Tumia picha. Kila siku achague kitu kimoja kipigwe picha kwa simu. Mwisho wa wiki mwonyesheni zote, aelekeze kidole kwenye tatu, nanyi mwulize maswali ya ndiyo na hapana: ni kwa sababu ya mtu? ni kwa sababu uliweza mwenyewe? Mkimaliza kuuliza, ngojeni sekunde kumi kabla ya kusema lolote. Kummalizia sentensi kunamnyang'anya kile alichotaka kushukuru.

Badala ya "shukuru," ulizeni: "Leo kipi kimekwenda vizuri hata kidogo?" Akijibu, fuatilieni kwa maswali mawili zaidi. Msirukie ushauri. Akisema "hakuna," kubalini na mwendelee na chai.

Barua ya kumshukuru mtu na kumsomea uso kwa uso ina nguvu sana, ila katika utafiti uleule wa Seligman wa 2005 nafuu yake ilidumu kama mwezi mmoja. Basi barua zisiandikwe zote wiki moja, moja kwa mwezi inatosha, ya ukurasa mmoja, ikitaja alichofanya mtu huyo na kilibadilisha nini. Wiki za mwanzo asiandike kabisa, machozi yatamchosha.

Mizani

Kwa mwenye mkono dhaifu anayetaka kuandika hata hivyo: kalamu ifungiwe sponji iwe nene, karatasi ibanwe kwenye ubao kwa klipu isiteleze, na neno moja lihesabiwe kuwa limetosha. Kama upande mmoja wa macho hauoni, daftari liwekwe upande anaouona, isipokuwa mtaalamu wa tiba kasema apewe mazoezi ya kuutafuta ule mwingine.