Juisi ya tikiti maji inajitenga na ina ukakasi: nakosea wapi?

Ufunguo_wa_Jiko

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wanaoijua juisi ya tikiti. Ninavyofanya: nakata vipande, natia kwenye blenda na maji glasi 2 na sukari vijiko 4, nasaga dakika 2, nachuja kwa chujio la chai, naweka kwenye friji. Shida ni tatu. Ya kwanza, ina ukakasi kwa mbali. Ya pili, haipiti saa moja inajitenga, povu na machicha juu, chini maji yaliyopauka. Ya tatu, nikisaga asubuhi kwa ajili ya futari, jioni imechuja ladha, na kesho yake inanukia uchachu.

Blenda ni ya kawaida, jagi la lita 1.5. Tupo watu wanane, kila mtu glasi ya robo lita. Ninunue tikiti la kilo ngapi, na nisage vipi?

Kijiko_cha_Mti

Dakika 2 ni nyingi mno mkuu, tikiti si karoti. Nyama yake ni maji kwa asilimia 92 hivi, kisu cha blenda kikiigusa tu inamwagika. Sekunde 10 zinatosha kabisa. Muda wote unaobaki unasaga mbegu na kuingiza hewa, na hapo ndipo shida zako mbili za kwanza zinapozaliwa. Mbegu ikibaki nzima haina neno. Ikivunjika inaachia ukakasi wa ganda lake na chembe za kijivu ambazo chujio la chai halizuii zote. Zile changa nyeupe nazo zisikudanganye, zinasagika upesi kuliko nyeusi.

Anza kwa kuosha tikiti likiwa zima, kwa maji yanayotiririka, ukilisugua kwa brashi, kisha lifute likauke. Wengi wanaruka hatua hii kwa kuwa ganda haliliwi, lakini kisu kinapopita kwenye ganda kinaburuta udongo na vijidudu mpaka kwenye nyama.

Likate katikati kwa upana, si kwa urefu. Utaona mbegu zimejipanga kuzunguka, na katikati kuna moyo ambao hauna mbegu au una chache sana. Chota huo moyo kwanza, huo hauhitaji kazi. Kwenye ukanda wenye mbegu pitisha ncha ya uma kufuata mistari yake, nyingi zitadondoka. Usihangaike kutoa kila moja. Na usikwangue mpaka kwenye weupe wa ganda, juisi itakuwa na ladha ya tango.

Maji usitie hata tone. Kata vipande vya sentimita 3 hivi, vilivyo laini vitangulie chini ili vitoe maji ya kuzungusha vingine, na jagi lisipite theluthi mbili. Bonyeza kitufe sekunde 2, achia, bonyeza tena, mara 4 au 5 basi. Kisu kikizunguka bure, zima blenda, sukuma vipande kwa mwiko, funika, endelea. Mbegu zilizobaki zitatoka nzima na kukwama kwenye chujio. Wakati wa kuchuja koroga taratibu kwa kijiko; ukikandamiza machicha unasukuma chembe za mbegu zipite.

Kuhusu kilo: tikiti la kilo 5 linatoa nyama kama kilo 3, maana ganda na weupe wake vinakula sehemu kubwa. Hizo kilo 3 zinakupa lita 2 mpaka 2.5 zilizochujwa. Watu wako wanane wanahitaji lita 2, kwa hiyo kilo 5 inatosha na chenji inabaki. Saga kwa awamu, si yote kwa mpigo.

Chumvi_Kidogo

Nimalizie hapo kwenye kujitenga. Rangi nyekundu ya tikiti, ile inayoitwa laikopeni, haiyeyuki kwenye maji. Imeshikamana na vipande vidogo vidogo vya nyama. Ukisaga sana, hewa inajishika kwenye vipande hivyo na kuvibeba juu, ndiyo povu lako la waridi. Povu likifa, vinazama chini na kuacha maji yaliyopauka juu. Kwa hiyo juisi ya tikiti itajitenga tu ikikaa, hata ukiifanya kwa ustadi gani. Haijaharibika. Ukisaga kidogo inachelewa, ukitia maji inawahi, kwa sababu umeipunguzia uzito. Iweke kwenye chupa yenye kifuniko, ipindue mara tatu nne kabla ya kumimina. Usiirudishe kwenye blenda, utaanza upya na povu.

Sukari sishauri. Tikiti lililoiva lina gramu 6 hivi za sukari kwa kila gramu 100, glasi yako ya robo lita ina gramu 15 tayari, sawa na vijiko vinne vya chai. Kinachokosekana kwa kawaida ni uchachu. Kwa lita moja tia kijiko kimoja cha mezani cha maji ya ndimu na chumvi ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Onja, ongeza ndimu mpaka vijiko viwili, usipite hapo. Onja ikiwa baridi, kwani kinywaji cha baridi huonekana kina utamu mdogo kuliko kikiwa cha vuguvugu. Kama lazima utie sukari, tengeneza shira: sukari na maji ya moto sawa kwa sawa, iache ipoe. Sukari kavu kwenye juisi baridi inalala chini ya jagi, wa mwisho kumiminiwa ndiye anayekunywa asali.

Shamba_Darasa

Mmeingia jikoni kabla ya kupita sokoni. Tikiti halizidi utamu baada ya kuchumwa. Likikatwa changa litabaki changa, na hakuna ndimu itakayoliokoa.

Geuza uangalie lilipolalia ardhi. Doa hilo liwe la njano iliyokolea au rangi ya siagi. Likiwa jeupe au la kijani hafifu, liache. Chukua mawili ya ukubwa sawa, lililo zito zaidi ndilo lenye maji. Kupigapiga kwa kiganja kunasaidia ukishazoea mlio mzito, lakini doa ndilo la kuaminika zaidi. Aina iitwayo Sukari F1, lile refu lenye mistari, linafaa juisi kwa kuwa nyama yake ni nyekundu sana. Sugar Baby ni dogo, la duara, kijani kilichokolea, zuri kwa watu wawili watatu.

Ukilikuta limepasuka ndani, lina uwazi katikati, si ugonjwa, ni ukuaji tu. Litumie ilmradi nyama haitelezi wala hainuki. Ila onja kipande kabla ya kusaga. Likiwa chungu kweli, si ukakasi wa mbegu bali uchungu wa nyama yenyewe, tupa lote. Uchungu huo hutokea mara chache kwenye jamii ya matango na maboga na unaweza kuchafua tumbo vibaya.

Na yale nusu yaliyofungwa nailoni yaliyokaa mezani sokoni tangu asubuhi, ya juisi hayo hapana.

Kitambaa_Cheupe

Kwenye chujio natofautiana kidogo na Kijiko_cha_Mti. Kwa wageni, kitambaa safi cha kuchujia tui kinatoa juisi laini isiyo na chembe hata moja.

Chumvi_Kidogo

Inalainika kweli, lakini rangi inabaki kwenye kitambaa. Nimeeleza hapo juu, wekundu umo kwenye machicha. Utapata maji matamu ya waridi. Kama ndivyo unavyopenda sawa, ila si kwa tikiti ambalo lenyewe limepauka.

Ufunguo_wa_Jiko

Ahsanteni sana, nimeelewa mengi. Bado hilo la kuchacha. Nikiichemsha kidogo kabla ya kuweka friji haitakaa siku nyingi? Na tangawizi naitia wakati gani? Umeme wetu nao unakatika ovyo.

Kijiko_cha_Mti

Usichemshe. Ikipata moto inanuka boga lililopikwa na wekundu wake unaharibika.

Tangawizi gramu 10 kwa lita, kama kipande cha pingili moja ya kidole gumba. Ikwangue, ikamue kwenye kitambaa, tia maji yake tu. Ukiisaga pamoja na tikiti utalazimika kusaga muda mrefu ili ilainike, tumerudi kwenye mbegu. Kama mtu anataka ya maziwa, basi isiwe na tangawizi wala ndimu, zote mbili zinakatisha maziwa, na inywewe hapo hapo.

Chumvi_Kidogo

Kuhusu kuchacha, tikiti halina uchachu wa asili kama ukwaju au pasheni. Ndiyo maana vijidudu vinastawi humo haraka, na ndimu ya vijiko viwili ni ya ladha, haiigeuzi kuwa kitu cha kuhifadhika. Nje ya friji isikae zaidi ya muda wa saa 2. Ndani ya friji, kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji ya moto, inywe ndani ya siku moja. Ukifungua kifuniko kikatoa pumzi, au ukaona vipovu vinapanda vyenyewe, mwaga.

Kwa futari usisage asubuhi. Saa 9 alasiri kata vipande, funika, weka friji. Saa 12 kasorobo saga, chuja, tia ndimu. Vipande vikishapoa hivyo huhitaji barafu. Kama unaipenda barafu, igandishe kutokana na juisi yenyewe kwenye vile vitreya, ili ikiyeyuka isiizimue. Barafu ya maji ambayo hujui yametoka wapi inaweza kukuharibia kazi yote.

Umeme ukikatika, usifungue friji ovyo. Likibaki limefungwa linashika ubaridi kama saa 4. Zikipita hizo, juisi na vipande vilivyokatwa usiviweke kwa ajili ya kesho.

Ukibakiwa na nyingi, igandishe siku hiyo hiyo. Acha sentimita 3 juu ya chupa, ikiganda inatanuka. Iyeyushe ndani ya friji, si mezani, na itikise maana itakuwa imejitenga kabisa.

Pwani_Kavu

Na asiye na blenda, au umeme umekatika saa 12 kasorobo? Vunja vipande kwa mkono safi kwenye bakuli pana, vikande kwa mwiko, kisha mimina kwenye chujio la unga lililowekwa juu ya sufuria na upitishe mgongo wa kijiko. Nyama ya kilo 1 inatoa kama nusu lita au zaidi kidogo. Mbegu hazivunjiki kabisa, na povu ni dogo kuliko la blenda yoyote.

Ufunguo_wa_Jiko

Na ule weupe wa ganda unatupwa?

Pwani_Kavu

Menya kijani cha nje kwa kisu, katakata weupe vipande vyembamba kama vya tango, tia chumvi nusu saa, mwaga maji yake, weka ndimu na pilipili. Hiyo kachumbari iende na wali siku hiyo hiyo.