Mrejesho: yule mdogo wangu niliyemwita mvivu

Niliuliza kuhusu mdogo wangu anayeshinda amelala, haogi, chakula anakisukuma. Mkanijibu nisimgombeze, nimpeleke kwa daktari. Nimempeleka.

Alipewa fomu ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. La mwisho linauliza kama umewaza kujidhuru. Akajibu ndiyo. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, sikujua niangalie wapi.

Walimpima na damu, maana tezi ya shingo ikizembea nayo huleta uchovu wa namna hii. Iko sawa. Ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito unaomwondolea mtu raha na nguvu. Ameanza dawa na ushauri nasaha. Dawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, wala haziachwi ghafla. Nazitunza mimi.

Hii ni wiki ya 3. Jana kaoga bila kuambiwa.